Kikundi chetu cha kompyuta, vikao vinne na kaunta buku moja

Kikao cha kwanza tulipanga viti 30 tukakaa watu 9. Mi ndo niliyevipanga, nimefika saa tatu kasoro na kitambaa changu nikafuta vumbi kiti kimoja kimoja, maana tangazo nililibandika mwenyewe kwenye grupu la wasap siku tano mfululizo na watu 43 wameliona, tiki za bluu zote zipo, wengine wameweka na dole gumba kabisa. Saa nne ikapita, saa nne na nusu ikapita, Meku mwenyekiti akaangalia mlango akaangalia saa yake akasema basi tufungue na sala, wengine watatukuta. Hawakutukuta. Ubaoni nilikuwa nimeandika kwa chaki AJENDA 1: HATMA YA KIKUNDI, na ukiangalia vile viti 21 vitupu unaona kama ajenda imeshajijibu yenyewe.

Hii ni mwaka jana mwezi wa nane, hapa Moshi. Nimeamua kuandika kwa sababu nimeulizwa na watu wawili wenye vikundi vyao (mmoja wa kwaya mmoja wa wafugaji wa kuku, ila tatizo ni lilelile) ilikuwaje tukaacha kugombana. Sasa sijui kama tumeacha, ila niwaeleze ilivyokuwa.

Tulianza 2006 watu sita. Wakati ule mtu mzima ukitaka kuijua kompyuta unaenda intaneti kafe maeneo ya Double Road, unalipia nusu saa, na nusu saa inaisha barua pepe haijafunguka hata kichwa. Mi nilikuwa karani mchapaji, nimesomea taipuraita, vidole vinakwenda vyenyewe huku naongea na mtu, alafu siku moja ofisini wakaleta kompyuta wakaifunika na kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni na wa kuiwasha hakuna. Nikakutana na Meku, yeye alikuwa mhasibu wa mambo ya kahawa, anakaribia kustaafu na ameambiwa hesabu zote zihamie kwenye Excel (Meku sio jina lake, ndo heshima ya wazee huku kwetu). Na Mwalimu, na Mama Stesheneri ambae wakati huo hana hata stesheneri ana mashine moja ya fotokopi. Tukapata chumba nyuma ya ukumbi mmoja huku Majengo, tukaandika katiba, ada shilingi 1,000 kwa mwezi.

Na tulikuwa na kazi jamani. Kuna watu hawatakumbuka ila miaka ile flashi ilikuwa kama mbu, inatoka huku na malaria inapeleka kule. Umechapa ripoti yako vizuri, unachomeka flashi kwenye mashine ya kafe kwenda kuprinti, unarudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotikati na ukibonyeza hakuna kitu. Jumamosi foleni ilikuwa inafika nje, walimu, makarani wa shule, mapadri, kila mtu na flashi yake shingoni. Tulikuwa tunatoa virusi, tunapiga windo (yani kuiweka upya Windows), tunafundishana kuweka namba za kurasa. 2011 tukapata kompyuta 12 zilizotumika, mgeni mmoja alikuja kupanda mlima akashuka na roho nyepesi akatusaidia kuzileta, zina moniti za kichogo, zilivyoshushwa kwenye Canter watoto walijaa utafikiri imekuja harusi.

Alafu simu janja zikaja. Hapa sina maelezo marefu. Kafe zikafungwa moja moja, watu wakapata barua pepe mfukoni, ikaja Korona tukafunga miezi kadhaa, tuliporudi tukawa kumi na mbili, kumi, na wawili tukawazika. Mlangoni kwetu kulikuwa na karatasi niliyoichapa mwenyewe kwa herufi nene, ZIMA SIMU YAKO. Katiba kifungu cha 3 inasema shughuli za kikundi zitahusu kompyuta na vifaa vyake. Hiyo karatasi ikumbukeni.

Kilichotufikisha kwenye kuamua ni mambo mawili yaliyokuja mwezi mmoja. Wenye ukumbi walituambia kuanzia Januari kodi inatoka 40,000 kwa mwezi inakuwa 70,000. Na Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 mwisho wa kuhudumiwa ni tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya hapo haipati tena yale marekebisho ya usalama ya kila mwezi. Kompyuta zetu zinazowaka zilibaki sita. Dogo (kijana wetu wa ufundi, yuko chuo mwaka wa pili) alizipima zote akaja na jibu kwamba hakuna hata moja inayoweza kuingia Windows 11, maana hiyo inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, sisi zetu ni za kizazi cha babu yake. Akasema ukweli pia kwamba kuna nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026 kwa anaejiandikisha, lakini ni kusogeza tu msiba mbele.

Kwenye akaunti tulikuwa na 1,140,000.

Basi hapo kila mtu akawa na dawa yake. Meku alitaka tuwe darasa lenye vyeti. Meku kwenye suala la cheti humwambii kitu, anaamini mtu akipewa karatasi yenye muhuri hata kama amejifunza kuwasha na kuzima tu atarudi na mdogo wake. Mama Stesheneri alitaka tuuze mashine zote, tununue fotokopi kubwa moja tuwe biashara, na mi moyoni nikasema hapa kuna mtu anataka mpinzani wake afungue duka chini ya usimamizi wake. Dogo na wenzake wawili walitaka tuweke Linux (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) kwenye mashine zote, tufundishe kuandika programu, alafu tusajili kama kikundi cha vijana tukaombe ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mama Stesheneri akacheka mpaka akavua miwani, akasema dogo, kijana humu ni wewe na hiyo feni, sisi wengine tunasubiri pensheni mwisho wa mwezi.

Mwalimu alitaka tuvunje. Alisema taratibu, na alikuwa amejiandaa. Hela tugawane, mashine tuipe shule, tushukuru Mungu.

Kumpinga, Dogo akatoa simu yake (chini ya karatasi yangu ya ZIMA SIMU, nikamwangalia akajifanya hanioni) akasoma habari za kikundi kimoja cha Marekani kinaitwa Boston Computer Society. Kilianzishwa 1977 na mtoto wa miaka 13, anaitwa Jonathan Rotenberg, na kikakua mpaka kikawa na wanachama zaidi ya 30,000. Dogo akasoma hapo sauti imepanda, mtoto wa miaka 13 jamani, sisi tunashindwa nini. Mwalimu akauliza kwa upole, endelea, sasa hivi wako wangapi. Dogo akashuka na kidole, akanyamaza. Kilifungwa 1996.

"Nani aliwafunga?"

"Hakuna Mwalimu. Naona watu walikuwa wameshazijua kompyuta."

Mwalimu akafunga kalamu yake akaiweka mfukoni. Ile kalamu ilivyolia tik mi nikajua ametushinda, kwa sababu elfu thelathini wamekufa na sisi tisa tunabishana kuhusu kodi.

Kikao cha pili sitakieleza sana kwa sababu naona aibu. Masaa mawili na nusu tuligombania jina. Kweli kabisa. Mtu mmoja alisema tatizo letu ni neno kompyuta limechakaa, tuite tarakilishi, mwingine akasema tarakilishi ni ya vitabuni tuite TEHAMA ndo serikali inaelewa, mzee mmoja wa Kiboriloni akaleta neno ngamizi, tukabishana ngamizi ni nini mpaka chai ikapoa. Kwenye neno sevu ndo tulicheka kidogo, maana 2006 Meku alileta CD ya ile Jambo OpenOffice, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu nzima imeandikwa Kiswahili fasaha, na sisi Waswahili wa kuzaliwa tukakaa mbele yake tunatafuta sevu hatuioni, imeandikwa Hifadhi iko hapo hapo mbele ya macho. Tulishaikariri kwa Kiingereza kama sala ya Kilatini. Basi tukacheka, tukaahirisha, jina likabaki lilelile.

Kikao cha tatu ndo cha mwisho wa mwezi wa nane. Tuko watu 11, afadhali. Meku amefika kwenye hoja ya vyeti kwa mara ya nne, mlango ukagongwa akaingia mama na kijana wake, mama ameshika bahasha ya kaki imelowa jasho pembeni, kijana mrefu anaangalia chini. Akasema shikamooni, samahani wazee wangu, nimeambiwa hapa mnasaidia mambo ya mtandao, dirisha la mkopo wa chuo linafungwa na huyu mwanangu fomu yake inakataa.

Meku akamwambia karibu mama, keti nyuma tupo kwenye kikao, tukimaliza utasikilizwa.

Akakaa. Mi naandika muhtasari, huku jicho linaenda nyuma. Bahasha kaiweka magotini, anaipigapiga taratibu kwa kiganja, kama unavyombembeleza mtoto alale. Nusu saa. Wanabishana kama cheti kisainiwe na mwenyekiti peke yake au na katibu pia. Katibu ndo mi. Nikaona mi hapa nagombaniwa saini ya cheti ambacho hakipo cha darasa ambalo halipo, na pale nyuma kuna mtoto anakosa chuo. Nikaweka kalamu nikasema Meku naomba ruhusa, nikatoka na daftari langu nikamfuata mama. Dogo nae akanifuata.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo sana na ndo linaloua watu. Ile fomu ya Bodi ya Mikopo unaijaza mtandaoni, unaiprinti, inakwenda kusainiwa serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili, alafu unairudisha mtandaoni ikiwa imeskaniwa. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wale wa serikali wa vizazi na vifo, kwanza. Yote hayo kijana alishafanya, amezunguka wiki tatu, nauli za daladala kutoka Uru kushuka na kupanda. Ila kuskani alipiga picha kwa simu, usiku, kwa taa ya chemli, kivuli cha kichwa chake kiko juu ya muhuri wa hakimu, na faili limekuwa kubwa mtandao unaligomea. Kila akijaribu linazunguka linarudi. Bando likaisha akanunua lingine.

Tukawasha skana yetu, mkongwe ile, inapiga kelele kama cherehani. Kurasa saba. Ya tatu umeme ukakatika, tukakaa gizani dakika arobaini, mama akatuambia huyu ni wa kwanza kwenye ukoo kufika hapo, baba yake alifariki, cheti cha kifo nacho kimo humo humo kwenye bahasha. Umeme ukarudi tukaanza upya. Dogo akalipunguza faili, akamfundisha kijana mwenyewe kulipunguza, likapanda. Ukaja ule ujumbe wa kuthibitisha, kijana akausoma mara mbili bila sauti, midomo tu inacheza. Mama akasema aika, ndo asante ya Kichaga, akataka kutupa 2,000 tukakataa.

Tuliporudi chumba kikubwa kilikuwa kitupu. Kikao kilikufa bila sisi, akidi haikutimia. Meku alikuwa ameniachia kalamu yangu juu ya karatasi, imelazwa vizuri, na najua hiyo ndo namna yake ya kukasirika.

Sasa nieleze habari ya daftari. Tangu 2006 kuna kaunta buku pale mlangoni, yenye kava jekundu, tuko kwenye ya tano. Mtu akija na shida unaandika tarehe, shida, imeisha au haijaisha. Mi karani, siwezi kuona kitu kimetokea nisikiandike. Na usiku ule kabla sijalala nikafungua niandike ya yule mama, nikajikuta narudisha kurasa nyuma, nyuma, alafu nikachukua penseli nikaanza kupiga vijiti vya kuhesabia kuanzia Januari 2023.

Simu, vijiti zaidi ya 80. Simu imejaa, wasap imepotea baada ya kubadilisha simu, paswedi imesahaulika, mtoto amefunga simu ya bibi yake. Fomu za mtandaoni, 60 na kitu, mikopo, TIN ya kodi, Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini, namba za NIDA za kitambulisho cha taifa, mtu wa duka anataka kusajili jina BRELA. Kuandika CV na barua. Utapeli wa simu, ishirini na kitu. Na kompyuta yenyewe, windo, virusi, Excel, yani kile tulichokiandika kifungu cha 3, vijiti 19. Kwenye wale waliokuja na shida, wanachama wanaolipa ada hawafiki kumi.

Miaka yote mi ndo katibu, kila mkutano mkuu nimesoma taarifa, mapato haya matumizi haya salio hili. Hilo daftari sijawahi kulisoma hata ukurasa mmoja mbele ya watu. Sikuona kama ni taarifa, nilikuwa naona ni la mlangoni.

Alafu nikarudi mpaka 2021 kwa sababu nilikuwa najua kuna mstari natafuta, ila nilikuwa naukwepa. Niliukuta. Mwandiko wangu, "mzee, ujumbe wa simu, si kompyuta, ameelekezwa kwingine."

Huyo mzee ni jirani yangu kule Pasua. Alikuja Jumamosi na kiswaswadu chake mkononi, ameletewa ujumbe, ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi mnaujua huo mtego, matapeli wanautupa kwa namba nyingi bila kumjua mtu, na katika hao wengi hakosekani mmoja ambae kweli siku hiyo alikuwa anakwenda kwa wakala kutuma hela. Yeye alikuwa anatuma ada ya mjukuu. Jina lilimtia wasiwasi, ndo akapita kwetu kuuliza. Nikamwambia hapa babu ni kompyuta tu, simu waone vijana wa stendi, na nikamwonyesha na karatasi mlangoni. Nilimwonyesha karatasi! Akasema haya mama, asante, akaenda. Akatuma 180,000. Niliyajua hayo siku ya tatu kwa mke wake, kwenye bomba la maji, na sikumwambia mke wake kwamba alipita kwangu.

Sikulala vizuri.

Kikao cha nne, mwezi wa tisa, nilimwomba Meku dakika kumi kabla ya ajenda. Akanipa tano. Nikasoma mistari kama ilivyo, sikujumlisha kwanza, nikaanza tarehe, shida, imeisha, tarehe, shida, haijaisha. Nikasoma ukurasa, nikasoma wa pili. Mwanzoni watu wanatabasamu maana shida za watu zinachekesha, kuna mmoja aliandika paswedi yake kwenye ukuta wa jiko na ukuta ukapakwa rangi. Nilipofika kwenye ule mstari wa 2021 nikausoma na nikasema ni nani aliyeuandika na ilikuwaje baadae. Nikakaa chini. Nje pikipiki zinapita tu.

Meku akaomba daftari. Akalisoma mwenyewe, na yeye ni mhasibu, anapita na kidole safu kwa safu, akahakiki vijiti vyangu na akakuta nimekosea viwili. Alafu akasema, sio kwa hasira, "Kwa hiyo Katibu unataka tuwe wa kufungua simu za watu." Nikasema Meku mi sitaki, ndo tulivyo tayari, tumekuwa tukifanya kwa mlango wa nyuma huku mlango wa mbele umeandikwa zima simu.

Msifikiri hapo watu walipiga makofi. Mwalimu alisema hiyo ndo sababu nyingine ya kuvunja, kwamba kikundi kikishakuwa kila kitu kimekuwa si kitu. Na sio hoja ya kijinga, mpaka leo naifikiria. Mama Stesheneri alisema tukisaidia fomu bure tunamuua yeye ambae analipa leseni, hapo tukabishana vizuri sana, kwa mara ya kwanza ubishi wa maana, na tukakubaliana kuprinti na fotokopi tunampelekea yeye, sisi kazi yetu kukaa na mtu mpaka aelewe. Vijana wakasema basi sisi Linux yetu. Tukawapa Jumanne na Alhamisi jioni wafundishane programu, na mashine nne kati ya sita wazibadilishe, mbili zibaki na Windows 10 bila kuunganishwa intaneti kwa ajili ya kuchapa mitihani.

Dogo alipakua Linux Mint kwa bando la usiku, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, inakwenda hata kwenye mashine yenye ramu ya GB 2. Uzuri wake unaweza kuiwashia kwenye flashi ukaijaribu kwanza bila kufuta kitu. Akamkalisha Meku mbele yake bila kumwambia ni nini. Meku akashika mausi, akaenda kona ya chini kushoto kama miaka yote, menyu ikafunguka, akakuta LibreOffice, ndo Word na Excel za bure, akafungua jedwali akaandika hesabu ya kujumlisha, ikajumlisha. Akasema si ileile tu hii, mmebadilisha nini. Tukamwacha hivohivo mpaka mwisho wa chai. Tabu iliyotupata baadae ni barua ikiandikwa huku ikifunguliwa kwa Mama Stesheneri kwenye Word mistari inasogea, tukajifunza kumpelekea PDF.

Kitu kimoja ambacho hatukukifikiria kabisa kikaja wiki ya tatu. Dada mmoja alisaidiwa wasap hapa, kesho yake hela zikapungua kwenye simu, akarudi na kaka zake wawili. Ilikuja kujulikana mtoto wa nyumbani ndo alinunua bando, lakini yale masaa mawili na kijana wetu amesimama katikati ya wale kaka anatetemeka siwezi kuyasahau. Jioni hiyohiyo tukaweka sheria, mwenye simu anashika simu yake mwenyewe muda wote, sisi tunaonyesha kwa kalamu tu, namba ya siri hatuisikii hatuioni, akiiandika tunageuka ukutani. Na kabla hajaondoka tunamwonyesha vitu viwili, *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kurushia ujumbe wa matapeli. Hii ya *106# peke yake imeshatuletea watu, mama mmoja alikuta laini asiyoijua akatoka hapo mbio kuelekea dukani kwa mtandao wake.

Mwalimu alijitoa. Hakudai hata shilingi, aliandika barua ya kujiuzulu kwa mkono, herufi nzuri zile za ualimu wa zamani, nimeihifadhi kwenye faili. Tunasalimiana kanisani. Yule kijana wa Uru alipata mkopo, yuko Dodoma, mama yake mwezi wa kumi na mbili alitushushia mkungu wa ndizi wa machalari na hakutaka kuingia ndani, aliuacha mlangoni akasema anawahi gari.

Desemba ndo tulijaa. Mnajua Moshi ya Desemba, wa Dar wote wamepanda na magari yao, na kila mmoja ana mama au bibi kijijini aliyenunuliwa simu kubwa asiyoijua. Walikuwa wanawashusha pale wanaenda zao mjini. Jumamosi moja niliandika watu 26 kwenye daftari, viti vikapungua, mzee wa ngamizi akaenda kuazima benchi kanisani. Wenye uwezo tunawaomba 500, asiyekuwa nayo basi, na ile pesa imelipa kodi mpya ya Januari na Februari, ya Machi sijui.

Jirani yangu wa Pasua hajawahi kuja. Nilikwenda kwake mwezi wa kumi nikamwambia yote, akanisikiliza huku anamenya mahindi, akasema hayo yalishapita mama, akaniuliza kama shamba langu nimeshalipalilia. Mjukuu wake ndo anakuja, binti wa kidato cha tatu, anakaa na vijana wa Alhamisi.

Ile karatasi ya ZIMA SIMU tuliitoa ikaacha alama nyeupe mlangoni, bado hatujaipaka rangi. Meku amenipigia juzi, anasema ana hoja ya vyeti kwa wanaomaliza mafunzo ya simu, vyenye muhuri, saini mbili. Nimeshaiweka kwenye ajenda ya mwezi ujao, namba tatu, baada ya kodi.